Riwaya Isiyosikia Hodi

Habari ya kifo chake ilinikuta Bugomora, nimekaa kwenye benchi la fundi cherehani nikisubiri anibadilishie zipu ya begi, begi lile lile ambalo wasomaji wangu wa siku nyingi wanalijua kwa kuwa nimelilalamikia mno hapa. Aliyepiga simu ni mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana cha kitongoji chao huko Kihanga. Hakunisalimia kirefu, jambo ambalo kwetu ni dalili tosha ya msiba. "Mwandishi wako amefariki alfajiri," alisema. Nikatoa pole, nikauliza kilichomuua, akajibu ni kifua, kile kile kilichomsumbua tangu masika. Kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa katika misiba yote niliyoipitia kati ya Mutukula na Kigoma: "Sasa wewe unakuja kuzika, au unakuja kuchimba?" Nikamwuliza tofauti ni ipi. Nikasikia watu wakibishana nyuma yake. "Tofauti ni kwamba wa kuzika wapo," akasema. "Wa kuchimba hawapo."

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze. Huku Karagwe na Kyerwa mtu huzikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba na mibuni aliyoilima mwenyewe, na kaburi lake huchimbwa na majirani. Halichimbwi na ndugu zake, wala na vibarua. Kilio kikisikika, jembe linawekwa chini kitongoji kizima. Hakuna anayepalilia wala anayechuma kahawa mpaka maiti ashuke. Anayekwepa kwenda kwa wenzake haitwi barazani wala hasutwi njiani. Watu humngoja tu. Wana subira, kwa sababu siku anayongojwa lazima ifike, na ikifika hatakuwa na mdomo wa kujitetea. Sasa ilikuwa imefika kwa mtu niliyekaa naye dawati moja, na nikiwa nyuma ya bodaboda, vumbi la Kyerwa likinijaa masikioni, sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa na hasira. Najua safu za kumbukumbu zina desturi ya kuwapaka marehemu mafuta mpaka wang'ae kuliko walivyokuwa. Huyu sitampaka. Angekuwa hai angenikataza mwenyewe, maana alichukia kitu chochote kinachofanyiwa kazi tena baada ya kutoka kwenye kalamu.

Tulikutana sekondari pale Bugene, na naapa kwamba siku zile alikuwa mwandishi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akisoma insha zake mbele ya darasa, nasi tuliokuwa nyuma tuliacha kurushiana vipande vya chaki. Aliandika kidogo na kufuta sana. Kifutio chake kilikuwa kinaisha kabla ya penseli, na wakati mwingine karatasi ilitoboka akalazimika kubandika kiraka. Kuna insha moja kuhusu ng'ombe aliyegoma kuvuka mto, hata leo naikumbuka, kwa sababu ndani yake ng'ombe hasemi neno, haliwi na simba, hafanyi lolote ila kugoma, na bado ukimaliza unataka kumlipia nauli. Tulipomaliza kidato cha nne mimi nilikamata barabara, ambayo sijaiachia hadi leo, na yeye alikamata kibanja cha baba yake. Kila nilipopita Kihanga alinisomea kijihadithi kipya, kifupi, kimesuguliwa kama mpini wa zamani. Nikaondoka nikiwa na hakika kwamba huyu siku moja atatuandikia riwaya itakayotufanya watu wa huku tujione. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Asingekuwa na kipaji ningekwishamsahau.

Kilichomharibu ni semina. Alitokea kijana kutoka mbali, miwani ya jua ameivaa utosini kana kwamba jua liko juu yake peke yake, akakodi ukumbi Kayanga na kuwafundisha watu kuandika riwaya "kwa mkondo huru". Masharti yake yalikuwa mepesi, na ndiyo maana yalipendwa. Unafunga mlango. Unaanza. Hunyanyui kalamu, hufuti, husomi ulichoandika jana, na juu ya yote humjibu mtu yeyote, kwa maana mkondo ukikatizwa haurudi tena. Ukifuata hayo, alisema yule kijana, riwaya itatoka nzima kama ndama. Laiti ningekuwapo ningemwuliza kama amewahi kuona ng'ombe akizaa. Ndama hatoki na kusimama. Anatoka amelowa, amejikunja, ana utando puani, na mama yake asipomlamba kwa muda mrefu na ulimi ule wa msasa, anakufa hapo hapo. Ukumbi mzima ulijaa watu wa ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyelisema hilo. Walipiga makofi. Walikuwa wameambiwa kwamba uvivu wao ni roho, na nani atakataa zawadi kama hiyo?

Mwenzangu alirudi Kihanga, akajifungia. Nilimtembelea katika kipindi hicho, nikiwa nimetoka Kigoma moja kwa moja, na mke wake akanitolea kigoda kivulini na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama ada inavyotaka mgeni afanyiwe.

"Karibu, shemeji," alisema. "Ndugu yako yuko ndani lakini hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Yuko kwenye mkondo." Alilitaja neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa alioambiwa hospitali asiuelewe.

Nikainuka nikapiga hodi mwenyewe.

"Nani?" ikauliza sauti.

"Mimi. Nimetoka Kigoma."

"Karibu sana, ndugu yangu! Siwezi kutoka."

"Umefungiwa?"

"Nikiinuka maji yanakatika."

"Maji gani? Siku hizi wewe ndiye bomba la kijiji?"

Mke wake alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa khanga. Sauti ya ndani ikasema, "Cheka tu. Hicho kicheko chenu nakiandika."

"Kiandike vizuri basi," nikamwambia, "maana hutakisoma tena."

Nikatafuna kahawa zangu peke yangu, nikamshukuru mama mwenye nyumba, nikaondoka bila kuuona uso wa mwenyeji wangu. Mgeni wa mbali kutafuna kahawa akiwa anatazamana na mlango uliofungwa! Kwa wazazi wetu hilo lingesimuliwa mpaka wajukuu waoe. Mimi nililisamehe kwa sababu sina makazi maalumu na nimezoea milango ya aina zote. Kitongoji hakikuwa na moyo wangu. Wengine walikuwa wamekwisha kupiga hodi pale wakiomba msaada wa kumbeba mgonjwa, kuazima panga, kusuluhisha mambo ya mpaka, na wote walijibiwa kwa habari za maji kukatika. Kilabuni wakamtungia jina, Mwandishi, na walilitamka jinsi unavyotamka jina la mbwa wa jirani anayebweka bila kuona kitu.

Halafu akafariki mzee wa kibanja cha pili, jirani ambaye migomba yake ilikuwa ikiegemea ya mwenzangu hata usijue mkungu ni wa nani. Hapo nilikuwapo kwa macho yangu, nimepanga chumba Bugene kwa msimu ule. Watu walikusanyika, wachimbaji wakavua mashati. Mwandishi hakuonekana. Mke wake, maskini, alikuja na chungu cha ndizi kichwani akasema mume wake anaumwa. Hakujua kwamba dirisha la chumba cha kuandikia lilikuwa wazi. "Siumwi!" sauti ikatoka kule kwenye migomba. "Niko katikati ya maziko!" Watu wakatazamana. Ndiyo, msomaji wangu, usirudie kusoma, umesoma sawasawa. Siku ile jirani yake anazikwa, bwana mkubwa alikuwa amefika kwenye sura ya riwaya yake ambamo shujaa anamzika baba yake, na asingeweza kuacha maziko ya kitabuni ili aende kwenye maziko. Baada ya muda mke wake aliitwa, akaenda, akarudi amekunja uso, akasimama mbele ya mwenyekiti akitazama chini. Alikuwa ametumwa aombe kina mama wapunguze sauti. Kilio cha huku kilikuwa kinamchanganyia kilio cha kule.

"Mwambie mumeo," mwenyekiti akajibu, "kilio hiki hakina kitufe cha kupunguza sauti."

Wachimbaji nao walikuwa wamekwama. Walikuwa wamefika kiunoni, sururu zikaanza kulia juu ya mwamba. Mwenyekiti akamwendea mjane, bibi mwembamba aliyekuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake, akamwinamia na kumwambia kwa adabu kwamba wamekuta jiwe, je, wasogeze kaburi upande wa kulia? Yule bibi akainua kichwa. "Nilijua," akasema, na kila mtu akamsikia. "Miaka yote alilala upande wa mlangoni, leo mmempeleka upande wa ukutani. Hata kaburini anagoma!" Watu waliangua kicheko. Jamaa mmoja mnene, mbeba mizigo wa sokoni, alicheka akiwa ndani ya shimo, na katikati ya kicheko akadondosha sururu akaanza kulia kama mtoto, na kicheko cha watu wote kikageuka kilio bila yeyote kujua kiligeukia wapi. Nimezunguka sana na nimesikia maneno mengi yaliyosemwa na watu wenye shahada. Sijasikia sentensi iliyobeba ndoa nzima kama ile. Na mtu pekee katika kitongoji kile ambaye kazi yake ilikuwa kuikamata sentensi hiyo alikuwa upande wa pili wa migomba, dirisha wazi, akiandika maziko kutoka kichwani.

Riwaya ilipoisha alinitafuta Bugene, tukakaa kwenye mgahawa wa chai. Alikuwa amekonda, macho yanang'aa, amezikumbatia daftari zake kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto.

"Sikufuta hata neno moja," akaniambia.

"Nitaliona hilo," nikasema.

Nikaisoma yote, kwa heshima ya dawati letu. Mama wa shujaa anakufa katika sura ya kwanza, na baadaye anapika ndizi. Shujaa anaanza akiwa fundi seremala, anakuwa rubani, na hakuna aliyeshangaa, hata yeye mwenyewe. Mto unatajwa kila ukurasa, hakuna anayeoga. Lakini niliyangojea maziko, na maziko yakafika. Mvua ilikuwa inanyesha, bila shaka. Waombolezaji walivaa suti nyeusi, wakasimama kimya chini ya miavuli, hakuna aliyekohoa. Kulikuwa na makaburi yaliyopangwa safu kama viti vya kanisani. Shujaa alishika waridi. Waridi, Kihanga! Huku ua tunalolijua kwa karibu ni la mbuni, na hilo tunaliombea lisidondoke. Mtu aliyezaliwa katikati ya migomba, akakua akiona babu na baba yake wakizikwa ndani ya migomba hiyo, alipoacha mkono wake ukimbie bila kuuliza, ulikimbilia moja kwa moja kwenye filamu za ughaibuni alizoziona kwenye kibanda cha video.

"Nani alichimba kaburi hili?" nikamwuliza.

"Kaburi lipi?"

"Hili la kitabuni. Nimetafuta mtu mwenye jembe, sijamwona."

"Ah, hayo ni mambo madogo."

"Kaburi halijichimbi, bwana."

"Wewe umekuwa mwalimu lini? Mkondo ndivyo ulivyokuja."

Nikamwambia airudie yote, na aanze kwa kwenda kukaa na yule mjane, amsikilize tu. Akaniambia kurekebisha ni kuua roho ya kazi. Nikamwambia kazi hii haijapata roho, imepata jasho tu. Hatukumaliza chai. Baadaye nikasikia kwamba wachapishaji wote aliowapelekea walikuwa wameirudisha, naye alieleza kilabuni kwamba watu wakubwa wanaogopa kitu kilichotoka kwa pumzi moja. Wasikilizaji wake walikubali kwa kichwa na kumwomba apitishe kata ya rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Najua yule kijana wa miwani amekwisha kuhama Kayanga, lakini mafundisho yake yamebaki na yanazaana. Naletewa na wasomaji wa safu hii maswali ya namna hiyo hiyo: nifanyeje niandike bila kusimama, nifanyeje mkondo usikatike. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza afanyeje ili aandike vizuri. Siku hizi mtu anawaza, anaandika na kubandika mtandaoni kabla wazo halijafunga vifungo vya shati, na ukimwonyesha kosa anakujibu kwamba hayo yametoka moyoni. Na iwe hivyo, ila si kila kinachotoka mwilini ni cha kuwekwa mezani. Ni tabia ile ile ninayoiona kwenye mibuni. Mtu anashika tawi shinani, anavuta mkono mpaka ncha, na kahawa zote zinashuka pamoja kwenye turubai, mbivu, mbichi, na zile nyeusi zilizokauka, pamoja na majani. Ni kazi ya kufurahisha sana, inakwenda kwa mkondo. Kisha anashangaa kuona mnunuzi anakunja uso, na mwakani anashangaa tena kuona tawi limegoma kuzaa. Kuchuma nyekundu moja moja kunachosha mgongo, na hakuna semina iliyowahi kujaza ukumbi kwa kufundisha maumivu ya mgongo.

Tena kinachonichekesha ni kwamba jambo hili linauzwa kwetu kana kwamba ndiyo njia ya asili, eti ndivyo wazee walivyosimulia, wakifumba macho na hadithi ikijimimina. Wazee gani? Mimi nilisimuliwa hadithi nikiwa nimekaa kwenye majani makavu ya ukoka kwa bibi mzaa mama, na utaratibu ulikuwa kinyume kabisa. Msimulizi akianza kwa kusema kwamba alikwenda akaona, sisi tulipaswa kumkatiza hapo hapo na kumjibu kwa Kinyambo: ona, nasi tuone. Tusipojibu, hakuendelea. Alinyamaza, akachochea moto, akatuangalia mmoja mmoja. Na kila alipotia chumvi kupita kiasi shangazi alimdaka kutoka kwenye mafiga: "Mama, juzi fisi huyo alikuwa mmoja, leo wamekuwa watatu?" Bibi anafikiri, anapunguza fisi, tunaendelea. Hadithi zile zilikuwa nzuri kwa sababu zilikuwa zimekatizwa na vizazi vya watu wenye masikio makali.

Lakini nilimwacha marehemu hajazikwa, na hivyo ndivyo nilivyomkuta. Turubai limefungwa, masufuria yanachemka, vijana wamekaa chini ya migomba, sururu na majembe yameegemezwa ukutani, safi. Mwenyekiti na wazee wa kikundi walikuwa kwenye benchi wakizungumza kwa sauti ya chini, na mke wa marehemu, ambaye yeye hakuwahi kukosa msiba wa mtu wala kuacha kupeleka chungu chake, alikuwa amepiga magoti mbele yao. "Baba zangu," alikuwa akisema, "adhabu yake nipeni mimi. Nitaifanya. Lakini jua linaondoka." Wazee walitazama chini. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanatetea kitu pekee kinachohakikisha kwamba maskini wa Kihanga, hata akifa hana ndugu, hata akiwa ni kibarua aliyevuka mpaka kutoka Burundi na mfuko mmoja, hatabaki juu ya ardhi. Ukiruhusu mmoja azikwe bila kuzika, kesho ni wawili. Nilivua shati, nikachukua sururu. Mwenyekiti akaniangalia. "Weka chini, bwana," akasema kwa upole. "Wewe si wa hapa. Wewe si wa mahali popote." Nikaweka, maana alisema kweli.

Ndipo akaja yule bibi, mjane wa jirani, akipita kwenye migomba kwa fimbo yake. Watu wakamwamkia shikamoo pande zote, akaitikia bila kusimama mpaka alipofika kwenye benchi.

"Mnangoja nini?" akauliza.

"Mama, wewe unajua," mwenyekiti akajibu. "Kwenye kaburi la mzee wako alikaa dirishani."

"Alikaa. Na baada ya arobaini nilikuja hapa kumpigia hodi. Nilitaka kumwambia habari za mzee, aziandike kama anapenda. Hakutoka. Nikaja tena, hakutoka." Akaielekeza fimbo kwenye mlango wa nyumba. "Leo na ninyi mmekaa hapa mnamngojea atoke awaombe radhi. Haya, kaeni. Mimi ninamjua huyu. Huyu hatoki."

Kisha mtu mmoja akapiga chafya ya kicheko, mwingine akafuata, na yule mbeba mizigo mnene akainuka akajipangusa suruali, akachukua jembe. Baada ya hapo wakainuka wengi. Mwenyekiti alisema jambo kuhusu kikao cha baadaye, ili sheria isionekane imekufa, na naye akavua koti. Mke wa marehemu alibaki amepiga magoti, mikono amemshika bibi miguuni, na bibi akawa anamwambia, "Inuka, mwanangu, ndizi zinaungua."

Walichimba kama watu wa huku wanavyochimba, yaani walichimba na kusimama, wakabishana kuhusu kipimo, wakaulizana habari za bei ya mbolea, wakapokezana. Kijana mmoja alipojitia ushujaa akachimba mfululizo mpaka akaanza kuhema, mzee mmoja akamvuta mkono. "Pumzika wewe, hii siyo riwaya." Hata mke wa marehemu alicheka, na nadhani kilikuwa kicheko chake cha kwanza siku ile. Muda si mrefu sururu zikaanza kulia. Mwamba ule ule, umepita chini ya migomba kutoka kibanja cha pili. Wakasimama, wote wakageuka kumtazama bibi bila kupanga. Naye hakuwaangusha.

"Ni mzee wangu huyo," akasema. "Na yeye leo amemfungia mlango."

Sitaeleza jinsi watu walivyocheka, wala jinsi kicheko kilivyogeuka. Nimekwisha kukieleza kicheko hicho mara moja, na mtu aliyepaswa kukieleza vizuri kuliko mimi alikuwa ndani ya sanduku. Kaburi lilisogezwa, likapatikana. Alasiri akasimama mtu mmoja wa mjini, aliyejitambulisha kuwa ni mpenda vitabu, akasoma wasifu wa "nguli aliyeandika riwaya nzima kwa pumzi moja bila kufuta". Alisoma kwa muda mrefu, hakumeza mate, na kwa jinsi alivyokitaja kitabu ni wazi hakuwa amekifungua. Bibi alisinzia. Mimi nilikuwa nazitazama daftari za marehemu, zimewekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe kama ushahidi mahakamani. Tulipokuwa tunanawa mikono, mke wake aliniuliza kama ningezichukua nizirekebishe. Nikamkatalia. Nilimwambia riwaya ya mume wake haimo humo. Ilikuja hapa nyumbani kwa miguu yake ikiwa na fimbo, ikapiga hodi, ikarudi.

Wanaoniuliza siri ya mkondo, hilo ndilo jibu langu, na sina lingine. Kinachokukatiza ndicho ulichokuwa unakitafuta. Acha mlango wazi, inuka unapoitwa, nenda ukachimbe na wenzako, kisha rudi mezani usome ulichoandika jana kwa jicho la shangazi anayehesabu fisi. Safu hii nimeiandika kwenye chumba cha kupanga kisicho na komeo. Mwenye nyumba aliingia kuulizia ufunguo, binti wa jirani akaja kuomba moto, fundi wa Bugomora akapiga simu kuniambia zipu imekamilika. Kila niliporudi kukaa nilifuta kitu, na sikumbuki hata kimoja ninachokililia.